Nani Aliyemenya Waya wa Mzee Aminiel?

Mzee Aminiel alikuwa amevaa suti mpya ya kahawia, ile aliyoishonesha kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye anayeolewa, na begani alikuwa amebeba gunia. Gunia lenyewe lilikuwa kielelezo cha polisi. Alilikuta kaunta limeegemezwa ukutani, akaona wenyewe wanachelewa kulifikisha panapohusika, akalitwika. Alipoingia chumbani kwa Inspekta Kandida akaligeuza mdomo chini, na maganda meusi ya waya wa umeme yakamwagika mezani, yakafunika mafaili, mawili matatu yakatumbukia kwenye kikombe cha chai.

"Ushahidi huo," alisema, akaubamiza mzigo wake wa funguo juu ya rundo. "Unasubiri nini tena, Afande?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri chai ipoe," alisema Kandida, akiopoa ganda kikombeni kwa kidole. "Karibu kiti."

Mzee hakukaa. Inspekta Kandida alikuwa mwanamke wa Kibosho, mwenye mwili wa kutosha na kicheko cha kutosha zaidi, na waliomzoea walijua kwamba ukitaka aende polepole, mhimize. Basi akachukua ganda jingine, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha. Akaziangalia na funguo za mzee, zilizokuwa zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi uliokazwa fundo.

Habari yenyewe mtaa mzima wa Kaloleni ulikuwa umeshaisikia. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na kila mwenye duka aanze kuota Dubai, Mzee Aminiel, Mmachame mwenye duka la vifaa vya umeme, alikuwa amepanda ndege mara moja tu, na safari hiyo moja alikuwa ameisimulia mpaka majirani wengine wakaona kama walikwenda naye. Alirudi na bidhaa nyingi. Pamoja nazo aliagiza roli kubwa la waya, mnene kama dole gumba, kwa ajili ya shamba jipya la maua kule Nduruma lililokuwa likichimba kisima na kutaka kufunga pampu. Jana wenye shamba walikuja kuuchukua. Stoo ikafunguliwa, roli likakutwa ni mbao tupu, waya umebaki mizunguko michache ya kudanganyia macho. Mzee akapiga kelele za mwizi. Kabla jua halijazama polisi, kwa kuelekezwa naye, wakawa wamepekua karakana ya fundi umeme mmoja huko Sokon One, wakalikuta gunia hili la maganda. Fundi huyo aliitwa Lemburis, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akisubiriwa leo ukumbini atambulishwe kuwa mkwe wa Mzee Aminiel.

"Shughuli iko palepale," mzee alisema. "Mbuzi wameshachinjwa, watu wameteremka kutoka Machame tangu alfajiri. Lakini saa kumi nitashika maiki niwaambie wote: binti yangu haolewi na mwizi. Ng'ombe wao nitawarudishia."

"Irine mwenyewe anasemaje?"

"Analia. Atanyamaza." Alilisema hilo akitazama pembeni, na Kandida akaona kwamba mzee mwenyewe hakuwa mbali na machozi.

"Shaba iko wapi, mzee?"

"Shaba gani?"

"Haya hapa ni maganda. Hakuna anayeiba maganda. Anaiba shaba iliyokuwamo ndani. Sasa iko wapi?"

"Si ameshaiuza! Unaniuliza mimi? Mpelelezi ni wewe!"

"Kweli kabisa," alisema Kandida kwa upole, na mzee akazoa funguo zake, akatoka akikung'uta koti.

Hakuwa amefika getini Koplo Peter alipoingia. Peter alikuwa ametumwa kuzungukia wanunuzi wa vyuma chakavu, na buti zake zilikuwa na vumbi la mji mzima.

"Shaba ipo, Afande, lakini yote nyeusi."

"Nyeusi kwa nini?"

"Imechomwa. Wezi hawamenyi. Wanatupa waya kwenye moto, plastiki inateketea, shaba inabaki, wanapeleka. Nimemuuliza kila mmoja kama ameletewa shaba iliyomenywa, inayong'aa. Wamenicheka. Wanasema anayekaa kumenya waya mmoja mmoja ni mtu mwenye nafasi."

"Mtu mwenye nafasi," alirudia Kandida, na neno hilo likampendeza. Akafungua saraka, akatoa lenzi yake, akainamia maganda.

Kila ganda lilikuwa limepasuliwa kwa urefu, mstari ulionyooka bila kuyumba. Mgongoni, upande wa pili wa mpasuo, kulikuwa na safu ya vidoa vidogo vilivyopangana, alama za kitu chenye meno kilichoubana waya na kuuvuta. Mwanzo wa kila ganda ulikuwa umetafunika kidogo, kisha kisu kilishika njia. Hayo yote yalikuwa sawa. Kilichomsumbua ni urefu. Alilipima ganda kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akapima jingine, na jingine. Yalikuwa karibu sawa yote, hakuna hata moja lililozidi mkono wa mtu.

"Peter, wewe ungekuwa mwizi una roli zima la waya, na mashine ya kumenya unayo. Ungefanyaje?"

"Ningeingiza ncha moja, niachie ijivute mpaka mwisho."

"Usingeukata vipande kwanza?"

"Nikate vya nini, Afande? Naongeza kazi."

"Basi kuna mtu aliongeza kazi. Nipe vifaa vya Lemburis tulivyochukua jana. Na kipande cha ule waya uliobaki rolini."

Lemburis alikuwa ameketi pembeni mwa chumba cha mahabusu, kijana mrefu mwembamba, na alisimama Kandida alipoingia, kama alivyofunzwa nyumbani. Usiku wa sakafuni ulikuwa umemkunja shati lakini haukuwa umemkunja uso.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimeletewa maziwa. Yeyo, mama yangu, yuko nje."

Kandida akamkabidhi plaizi ya kumenyea, ile yenye vitundu vya kila unene, na kisu chake chenye ncha iliyopinda. Akampa na waya. "Menya."

Lemburis hakuuliza sababu. Aliubana waya kwenye kitundu kikubwa, akazungusha, akavuta. Plastiki ikatoka kipande kifupi, duara kamili, kama pete. Akatoa pete nyingine, na nyingine, na pale ilipogoma kutoka akachukua kisu. Kisu kilipasua kwa urefu, lakini kilikwenda kikiyumba, kikaruka, kikachora shaba, na kwenye kona moja kikapotea kabisa. Fundi akanyonya kidole.

"Waya mnene hivi haumenyeki vizuri kwa mkono," alisema. "Ukitaka unyooke lazima mashine. Ipo moja tu mji huu, kwa mzee."

"Umewahi kuitumia?"

"Nimeijaribu. Nani hajaijaribu?"

Jibu hilo angelisikia mtu wa pupa, Lemburis angekwisha. Amekiri mwenyewe: mashine anaijua, ameigusa, na maganda yamekutwa kwake. Peter, aliyekuwa mlangoni, alishakunja midomo kama mtu aliyesikia kesi ikifungwa.

"Maganda haya uliyapata wapi?" Kandida aliuliza.

"Nilishasema jana. Rodrick wa dukani kwa mzee ndiye anayenipa. Yanajaa chini ya meza, anatafuta pa kuyatupa. Nampelekea yeyo Nduruma, anafungia nyanya. Kamba ya katani mbuzi wanaitafuna, hii hawaitaki."

"Rodrick jana alikana mbele ya mjomba wake, Mzee Aminiel."

"Nilimsikia." Lemburis alikitazama kisu chake kabla hajakirudisha. "Ni rafiki yangu, Afande. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya mapambo ya sendofu yangu. Sijui amepatwa na nini."

Nje, chini ya ukuta wa kituo, mama yake Lemburis alikuwa ameketi kwenye khanga na kibuyu chake. Jina lake Soila. Shanga za masikioni zilimgusa mabega, na mgongo ulikuwa umenyooka kwa hasira.

"Takwenya, yeyo," Kandida alimsalimu.

"Iko," aliitikia mama, na uso ukalainika kidogo, kwa sababu salamu ni salamu. "Umekuja kuniambia mwanangu ni mwizi?"

"Nimekuja kuuliza habari za nyanya."

Soila akamtazama vizuri, kuona kama anachezewa. Alipoona hachezewi akaeleza. Nyanya mwaka huu zimebeba sana, matawi yamelemewa, amezifunga kwenye miti kwa vitepe vyeusi anavyoletewa na mwanawe.

"Ulizifunga lini, yeyo?"

"Zikiwa hapa." Alishika goti lake. "Kisha zikapanda, akaniletea vingine, nikafunga hapa." Akashika kiuno. "Sasa nachuma, napeleka sokoni."

Kandida akahisi furaha ikimpanda kutoka tumboni, furaha ile ya kazi yake ambayo hakuwahi kuweza kumweleza mumewe. Mzee Aminiel alidhani ameibiwa usiku mmoja. Lakini mche wa nyanya hautoki gotini ukafika sokoni kwa usiku mmoja. Waya ulikuwa ukimenywa msimu mzima, kidogo kidogo, urefu wa mkono mmoja kila mara, na mtu mwenye nafasi.

"Usiondoke hapa," alimwambia Soila. "Nitawatuma watu wakuchukue. Leo utacheza ngoma."

"Sina miguu ya kucheza leo," Soila alijibu.

Duka la Mzee Aminiel lilikuwa bado wazi, ingawa mwenyewe alishakwenda ukumbini. Aliyekuwa nyuma ya meza ni Rodrick, mpwa wake, kijana mtanashati wa tai na viatu vya kung'aa, mwenye maneno matamu yaliyoweza kumuuzia mtu kipasha moto mchana wa jua kali. Juu ya kichwa chake palibandikwa karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mbele yake mama mmoja alikuwa akinunua balbu.

"Ijaribu kwanza," mama alisema.

"Ni mpya, mama, iko ndani ya boksi."

"Nimesema ijaribu."

Rodrick akaichomeka kwenye soketi iliyokuwa ukutani kwa kazi hiyo, balbu ikawaka. Mama akaitaka ya pili ijaribiwe, kisha ya tatu, akachukua ile ya kwanza. Hakuna aliyeona ajabu. Hapa mjini hata pasi, hata redio, hata kengele ya mlango, hakuna anayefungua pochi kabla hajaona kwa macho yake kitu kikifanya kazi, na hasa tangu bidhaa za nje zianze kumwagika na nusu yake kufa kabla hazijafika nyumbani. Kandida mwenyewe wiki iliyopita alikuwa amemkalisha muuza feni mpaka upepo ukampa mafua.

Alisimama katikati ya duka, na mawazo yakakaa sawa.

"Rodrick, kijana wangu. Mashine ile ya kumenya waya bado hamjaiuza?"

"Shikamoo, Afande! Bado. Karibu. Ni ya Dubai, haina mfano."

"Shemeji yangu ni fundi, nataka kumzawadia. Nioneshe inavyofanya."

Mdomo wa Rodrick ulifunguka, na maneno yakaanza kutoka yenyewe, kwa mpangilio aliokwisha kuuzoea. Tazama, mama, hapa unaweka waya, hapa unachagua unene, hapa kisu, hapa magurudumu yanashika. Huku akisema mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma ya mlango wa stoo, ukavuta ncha ya waya kutoka kwenye roli, akaupima kwa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, akanyanyua mkasi mkubwa. Hapo ndipo akasimama. Aliutazama waya uliokuwa umelala juu ya mkono wake mwenyewe, na rangi ikamtoka.

"Endelea," alisema Kandida. "Kata."

Alikata. Mashine ikanguruma, meno yakaubana waya, yakautafuna kidogo mwanzoni, kisha kisu kikashika njia. Upande wa pili ikatoka shaba inang'aa kama imesuguliwa kwa limau, na ganda likaanguka chini. Kandida akaliokota. Mpasuo ulionyooka, vidoa mgongoni, mwanzo uliotafunika.

"Watu wengi wameijaribu?"

"Wachache, Afande."

"Na wangapi wamenunua?"

"Wanasema watarudi."

"Na shaba ya majaribio mnaiweka wapi?"

Hapo kijana alitazama saa yake, akatazama mlango, akasema kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa mapambo, kwamba amechelewa, kwamba anaomba radhi sana, na kabla hajamaliza kuomba radhi alikuwa ameshashusha nusu ya mlango. Kandida akamwacha aende. Angeweza kumbana papo hapo, na angesema yote. Lakini aliujua woga wa namna ile. Ulikuwa woga wa mtoto aliyevunja chungu, na wa mwizi haufanani nao. Isitoshe, mtu aliyeficha kitu hakai nacho mbali.

"Kituoni, haraka," alimwambia Peter. "Mchukue Lemburis na mama yake, uwalete ukumbini. Kwa jina langu."

"Mkuu akiuliza?"

"Mwambie nimempeleka mtuhumiwa kuonesha mali ilipo. Na siyo uongo, nadhani."

Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Upande mmoja Wamachame kwa suti na vitenge vya sare, upande wa pili Waarusha, watu wa Lemburis, kwa mashuka mekundu na shanga, wameketi wima bila kuzungumza, kwa sababu habari ya mahabusu ilikuwa imeshawafikia. Nyuma ya jengo ndafu, wale mbuzi wa kubanikwa wazima, walikuwa wanamaliziwa juu ya makaa, na harufu yake ilimkumbusha Kandida kwamba chai yake ya asubuhi iliingia maganda. Irine alikuwa meza ya mbele, amepambwa vizuri kuliko bibi arusi yeyote wa mwaka ule, na macho yamevimba. Nyuma yake lilisimama tao kubwa la dhahabu lililosukwa maua, majani na moyo mkubwa katikati, na kila mgeni aliyeingia alilistaajabia kwanza kabla hajatafuta kiti.

"Kamati ya mapambo imefanya kazi," mama mmoja alisema pembeni ya Kandida. "Vitu kama hivi nilidhani viko Nairobi tu."

Kandida alilitazama tao kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, akaanza kupenya kati ya viti kuelekea mbele.

Mzee Aminiel alikuwa ameshasimama na kipaza sauti mkononi. Aligonga mara mbili. Ukumbi ukatulia.

"Ndugu zangu," alianza.

"Mzee," alisema Kandida, aliyekuwa amefika ubavuni mwake. "Kabla hujaendelea, naomba funguo zako."

"Funguo? Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mzee alizitoa mfukoni kwa mshangao, na katika mshangao huo akasahau kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni.

"Umezifunga kwa kitu gani?"

"Ganda la waya," spika za ukumbi zikajibu.

"Ulilipata wapi?"

"Dukani kwangu. Siku nilipowaonesha wazee wa usharika ile mashine yangu."

"Siku ipi?"

"Jumapili, baada ya ibada."

"Jumapili ipi, mzee?"

Kutoka meza ya wazee wa kanisa sauti ikasikika, nzito na yenye furaha. "Kila Jumapili! Mimi alinionesha mara mbili, maana ya kwanza sikuwa na miwani!"

"Mimi alinipa niendeshe mwenyewe," mwingine akadakia.

"Na mimi! Na shemeji alipokuja kutoka Moshi, akaoneshwa na yeye!"

Kicheko kikaanza nyuma ya ukumbi, kikaja mbele kikikua. Mzee akageuka akamtafuta mpwa wake. Rodrick alikuwa amesimama chini ya tao, tai imelegea.

"Mjomba, nisamehe," alisema. "Uliniambia kila mteja aoneshwe. Nikaonesha. Mwalimu alijaribu, fundi akajaribu, masista wakajaribu, wanaopita tu njia wakaingia kujaribu. Na wewe ukija na wageni wako unasema, Rodrick, kata waya. Roli lilikuwa kubwa, nikadhani haliishi. Wenye shamba walipokuja jana ndipo nikaona mbao. Ukapiga kelele umeibiwa, nikaogopa. Wakamkamata Lemburis, nikazidi kuogopa." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta. "Nimemkana rafiki yangu. Lakini shaba ipo yote, haikupotea hata uzi mmoja."

"Ipo wapi?" mzee alinguruma.

Rodrick akanyoosha kidole juu. Ukumbi mzima ukainua uso kwenye maua ya dhahabu, majani ya dhahabu, na ule moyo mkubwa uliosokotwa kwa nyuzi za shaba safi, na sasa kicheko kilikuwa hakizuiliki tena. Hata upande wa mashuka mekundu kuna mzee aliyejifunika mdomo kwa mkono.

Kandida akakichukua kipaza sauti. "Mwizi hayupo," alisema. "Hakuna kesi. Waya wa Mzee Aminiel umeliwa na majaribio, na mlaji mkubwa ni mwenye duka."

Mzee Aminiel hakucheka. Aliteremka jukwaani, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akatoka nje kwa mlango wa pembeni. Kicheko kikafa. Irine akaficha uso kwenye viganja.

Wakati huo huo mlango mkubwa ukafunguliwa na Peter, na nyuma yake wakaingia Soila na mwanawe. Lemburis alikuwa ameletwa haraka mno. Mkanda wake ulibaki kaunta ya kituo, ulikochukuliwa jana kwa mujibu wa utaratibu, na sasa alitembea akiwa ameishikilia suruali kiunoni kwa mkono mmoja, na kichwa ameinua juu. Hakuna aliyecheka.

Soila alikwenda mpaka mbele. "Nimesikia nje," alisema. "Nimesikia mwanangu siyo mwizi. Mimi nilijua. Lakini amelala sakafuni kwa ajili ya maganda, na aliyemlaza ni baba wa huyu binti. Sisi hatuombi mke kwa mtu anayetuona wezi. Tumekuja kuchukua wazee wetu, twende nyumbani."

Wazee wa mashuka mekundu wakaanza kushika fimbo zao. Kandida alikuwa ameimaliza kesi, lakini hakuna kifungu cha sheria kilichomfundisha la kufanya hapa, na alimwona Lemburis akimtazama Irine, naye Irine akimtazama yeye, na hakuna kati yao aliyethubutu kusema mbele ya mama.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mzee Aminiel alirudi. Magoti ya suti yake mpya yalikuwa na udongo, kwa kuwa alikuwa ameingia kwenye ua wa jirani wa ukumbi, na mikononi alishika jani moja refu la kijani, jani la isale, amelifunga fundo katikati. Upande wa Wamachame wote wakasimama bila kuambiwa. Kwa Mchaga isale ndilo neno la mwisho la kuomba msamaha. Anayelitoa amejishusha chini kabisa, na anayeletewa akilikataa, hakuna tena cha kuzungumza kati ya watu hao mpaka kufa.

Alisimama mbele ya Lemburis, mzee kwa kijana, na akainama.

"Mwanangu," alisema, bila kipaza sauti. "Nilikuwa nataka kosa, nikalitafuta kwako. Nilitaka Irine aolewe na mtu wa benki. Nimekukosea wewe, nimemkosea mama yako. Nisamehe."

Alilinyoosha jani kwa mikono miwili. Soila alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakumsemea, akamwachia aamue mwenyewe. Lemburis akanyanyua mkono wake wa kulia, akausimamisha njiani. Kitu kama hicho hakipokelewi kwa mkono mmoja; hilo Mwarusha na Mchaga wote wanalijua. Na mkono wa pili ulikuwa umeshikilia suruali. Akabaki hivyo, jasho linamtoka, mzee bado ameinama, na watu wakaanza kudhani amekataa.

Irine ndiye aliyeelewa. Aliruka kutoka meza ya mbele na gauni lake lote, akawapita mashangazi waliojaribu kumshika, akaenda moja kwa moja nyuma ya mchumba wake, akaishika ile suruali kiunoni kwa ngumi zote mbili mbele ya wazee wa usharika na wazee wa ukoo.

"Pokea kwa mikono miwili," alimwambia. "Huku nyuma nipo mimi."

Lemburis akapokea.